Pigo Ambalo Muzee Sebuhoro Hakulipiga

"Juu ya nini ngoma yako inanyamaza pale?"

Bibi mmoja aliniuliza swali hilo mbele ya watu wa harusi, kule Mugunga, katika miaka ile ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Viganja vyangu viwili vilikuwa juu ya ngozi ya ngoma kubwa, na nyumbani, ndani ya sanduku la baba, kulikuwa na cheti changu cha ualimu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Mito ya Ubelgiji niliijua kwa majina. Kugawanya sehemu kwa sehemu nilijua. Jibu la swali la yule bibi sikulijua.

Ninyi mnaonijia Jumamosi na ngoma zenu mpya na simu zenu za kunirekodi, kila mara mnaniuliza muanze na pigo gani. Vidole vyangu vimegoma kupiga, siwezi tena kuwaonyesha vizuri, kwa hiyo leo nawaandikia. Nitafika kwenye pigo la kwanza. Lakini pigo lililonifundisha kazi hii ni lile ambalo halipigwi, na kulielewa kulinichukua sehemu kubwa ya maisha.

Muzee Sebuhoro alikuwa jirani yetu Birere, mtaa wa Goma. Kati ya kiwanja chake na chetu kulikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, yamepangwa bila saruji, na jua lilipenya kwenye nafasi zake. Baba yangu alikuwa karani wa ghala la kahawa bandarini. Sisi ni Wanande, tulishuka kutoka Butembo juu ya kamyo, lori la viazi. Yeye alishuka kutoka vilima vya Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Mchana alikuwa seremala. Jioni alikuwa mpiga ngoma, na siku za harusi alikuwa mtu mkubwa kuliko karani yeyote.

Kwao ngoma kubwa hupigwa kwa vijiti. Yeye alipiga kwa mikono. Aliyemuuliza sababu alijibiwa hivi: "Kijiti ni kama mukalimani. Mimi na ngozi tunasikilizana, mukalimani wa nini?"

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Masista wa shule waliniadhibu kwa sababu hiyo, na mtaani nilipewa jina, Binti Juu-ya-nini. Sasa, kuhusu ngoma, Wanande na watu wa Masisi walikuwa na mengi ya kubishania, lakini jambo moja walikubaliana: mwanamke anacheza, anaimba, anapiga makofi, ila ngoma haigusi. Niliuliza kwa nini. Mama alisema ngozi itapasuka. Shangazi alisema sitazaa. Masista walisema ngoma ni mambo ya kishenzi, kwa wanaume na wanawake sawasawa. Sababu tatu tofauti kwa jambo moja! Nikaona kwamba hakuna anayejua.

Basi asubuhi moja nilipanda juu ya ukuta.

"Muzee, juu ya nini unaigonga pembeni kwanza?"

Hakuinua kichwa. "Na weye, juu ya nini uko unachungulia?"

"Mimi nimeuliza mbele."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ingia, mutoto. Mulango iko. Haiko lazima kuharibu ukuta ya watu."

Nilimuuliza kama haogopi kunionyesha, mimi musichana. Alitazama mikono yangu, akaigeuza, akaibonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. "Mukono haivae nguo," alisema. "Sijaona mukono ya mwanaume na mukono ya mwanamuke. Naona tu mukono yenye kusikia na mukono kiziwi."

Mikono yangu ilikuwa kiziwi. Wiki tatu hakuniruhusu kugusa ngoma. Alinipa beseni la maji. Ndiyo, beseni, na ninyi mnaoona aibu nikiwapa beseni, mjue mimi pia nililia. Unapiga uso wa maji kwa kiganja kilicholegea. Maji yakikurukia usoni, umepiga. Maji yakitetemeka tu mpaka ukingoni, umesema. Mkono unashuka kwa uzito wake wenyewe na kurudi juu kabla hujauambia urudi. Mtu anayekandamiza ngozi anaiziba mdomo, kisha analaumu ngoma kwamba haitoi sauti.

Pigo la kwanza, basi, mnalotaka, ni hili: kiganja kizima katikati, unakiacha kiruke. Hiyo ni sauti ya chini, sauti ya tumbo. La pili ni vidole vinne vimeungana, pembeni, pale ngozi inapokutana na mti. Kidole gumba kikae mbali, kisigonge ubao, maana kitavimba na kesho hutashika kijiko. Pete vueni. Kucha kateni. Ngoma ilaze kidogo mbele ili mdomo wake wa chini upumue. Aliyeikalisha wima juu ya udongo ameizika. Na mikono ikiuma, iloweke katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, usiipake mafuta ya motokari kama alivyofanya Kambale.

Kambale alikuwa Munande mwenzangu, fundi wa baiskeli, mpiga ngoma ndogo wa kundi la harusi la Muzee. Alikuwa na maneno. Siku ya kwanza kuniona na beseni aliniuliza, "Dada Masika, unafua ngoma ao unaipika?" Nilimwambia aende akapake mafuta. Tulitaniana hivyo mpaka alipozeeka.

Lazima niwaambie pia habari ya mawe, kwa kuwa wengi wenu mnarudia kosa langu.

Goma ni mji wa unyevu. Asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani, ngozi inalegea, ngoma inakoroma kama mgonjwa. Siku hizi mna ngozi za plastiki na bisi, skrubu zile za kukazia, mnageuza kidogo kwa ufunguo, kazi imeisha. Sisi tulitumia jua. Na hapa kwetu jua halikai hewani tu, linakaa ndani ya mawe. Jiwe jeusi la volkano likikaa juani mpaka saa sita, linakuwa kama jiko. Muzee alikuwa anaiegemeza ngoma, uso wa ngozi ukitazama ukuta, umbali wa mkono mmoja, na kila baada ya muda mfupi anaigeuza kama mtu anayeoka muhogo. Alinionyesha mara moja. Mimi nikafikiri: kama mbali inasaidia, karibu itasaidia zaidi. Hiyo ndiyo akili ya shule. Siku moja akiwa kazini, niliilaza ngoma kubwa kifudifudi juu ya mawe yenyewe.

Paa!

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliiangalia ngozi iliyopasuka, akaniangalia mimi. "Nilisema ao sikusema?"

Fikirini aibu yangu. Sikuamini hata siku moja kwamba mwanamke anapasua ngozi, na sasa nilikuwa nimeipasua mbele ya shahidi. Muzee aliporudi nilimweleza yote, pamoja na mawe. Alishika mpasuko kwa vidole. Kisha akamwita mama juu ya ukuta: "Mama Masika! Ngozi imepasuliwa na jiwe. Mutoto ni mutoto tu." Baadaye akanipeleka Kanyaruchinya kwa mchinjaji kutafuta ngozi ya ndama, na kwa siku nne nilijifunza kuiloweka, kuikwangua nywele kwa kipande cha chupa, kuivuta juu ya mdomo wa ngoma na kuifunga kwa kamba za ngozi hiyohiyo. Mti wa ngoma ile ulikuwa wa muvugangoma, jina ambalo kwa Kinyarwanda, lugha ya Muzee, ni kama kusema msemesha-ngoma. "Kosa yako imekufundisha kuvalisha ngoma," alisema. "Kambale yeye hajapasua kitu, njo maana hajui."

Nimefundisha watoto wengi tangu wakati huo. Miaka ya kambi za wakimbizi, hapo Mugunga, nilifundisha kwa bidoni, madumu matupu ya mafuta ya kula, kwa sababu ngoma watu walikuwa wameziacha nyuma walipokimbia. Bidoni haipasuki juani. Haina pia subira: ukiikosea inakuambia papo hapo. Watoto wa bidoni ndio waliokuwa na mikono laini kuliko wote niliopata.

Sasa turudi kwenye kimya.

Muzee alikuwa na mdundo mmoja wa harusi uliokuwa wake peke yake. Wapiga ngoma wa Rutshuru na wa Sake waliufahamu, lakini hakuna aliyethubutu kuuchukua. Ulikwenda hivi: kiganja, kiganja, unabembea, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ngoma inakatika. Kimya. Si kimya kirefu. Ni muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu kidole kimoja kinagonga pembeni mara mbili, polepole, tki, tki, na mdundo unaanza tena, mzito kidogo kuliko mwanzo. Kila mzunguko ukirudi, unakuwa mzito zaidi. Katika kile kimya Muzee alikuwa anainua mkono wa kulia na kuzungusha kidole gumba kidogo. Nilidhani ni ugonjwa wake, maana gumba lile lilikuwa limeanza kuvimba kwenye kiungo.

Wachezaji, wanawake walioinua mikono kama pembe za ng'ombe, walisimama katika kimya hicho na mguu mmoja hewani. Bibi harusi alisimama nao. Tki, tki zikilia, ndipo anapiga hatua kuelekea kwa wakwe. Hivyo ndivyo alivyoingia, hatua moja kwa kila kimya.

Mimi nilichukua daftari. Niliandika mapigo kwa mistari na duara, nikahesabu, nikagundua kwamba mahesabu hayakamiliki. Palikuwa na nafasi mbili tupu. Nilimwonyesha.

"Muzee, hapa kuna pengo."

"Njo vile."

"Ni kosa ao ni makusudi?"

"Ni vile."

"Aliyekufundisha alisema nini?"

Aliinuka akaenda kunoa patasi. Kambale, aliyekuwa akifunga tairi mlangoni, alicheka. "Umemwuliza muzee swali ya polisi."

Wakati huo gumba lake lilizidi kuvimba. Harusi zilikuja na alishindwa kumaliza. Kiongozi wa kundi letu alikuwa Papa Hangi, Muhunde mrefu aliyewaita wachezaji kwa filimbi. Alitaka kutafuta mpigaji mwingine wa ngoma kubwa kutoka Sake. Muzee alisema mpigaji huyo yupo tayari, na yuko hapa Birere. Papa Hangi alipoelewa ni nani, alikaa chini.

"Musichana?"

"Mukono," Muzee alijibu.

"Batu batasema nini?"

"Watasema ile watasema. Akiharibu, mimi pia natoka. Mutachukua mwengine, na mudundo yangu nitaenda nayo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kama ningeshindwa, nisingepoteza kiti changu tu. Mzee mwenye gumba bovu angepoteza kitu pekee kilichomfanya asimame wima.

Harusi ya kwanza niliyopiga ilikuwa Rumangabo. Na ninyi mnajua tayari nilichofanya, sivyo? Nilikijaza kile kimya.

Nawaapia, sikufanya kwa dharau. Mkono ulikuwa umeandaliwa na daftari. Mzunguko wa tatu ulipoisha niliona lile pengo mbele yangu kama shimo njiani, watu wote wanaangalia, nikaogopa watadhani nimesahau. Nikaweka mapigo mawili mazuri, safi, katikati ya ngozi.

Wachezaji wa mbele waliendelea. Wa nyuma walisimama. Waligongana. Bibi harusi, mguu hewani, hakujua ashuke wapi. Alirudi nyuma, na kwa bibi harusi kurudi nyuma hakuna kitu kibaya zaidi. Mzee aliyebeba chungu cha pombe ya mtama alimkwepa, na nusu ya chungu ikaishia kwenye viatu vya mkwe. Kambale alicheka mpaka akapoteza pigo lake mwenyewe. Muzee Sebuhoro hakunitazama. Aliweka kiganja chake kigonjwa juu ya ngozi, pembeni ya vyangu, ngoma ikanyamaza, na akaanza upya yeye mwenyewe. Aliumaliza mdundo mzima. Nilikuwa karibu naye, nilisikia anavyopumua kwa maumivu.

Papa Hangi alitungoja kwenye kamyo. "Harusi ingine moja," alisema. "Moja tu, juu ya heshima ya Muzee. Halafu nakata maneno."

Njia nzima kurudi Goma tulikaa juu ya magunia, Muzee na mimi, migongo yetu imegusana.

"Ulijaza," alisema mwishowe.

"Palikuwa wazi."

"Nani alikuambia wazi ni mubaya?"

"Basi nipe sababu, Muzee! Nikijua sababu sitakosea. Juu ya nini tunanyamaza?"

Kamyo iliruka juu ya mawe mara nyingi kabla hajajibu. "Sababu iko. Lakini haiko yangu ya kutoa."

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, niliwaza kuacha. Nilikuwa nimekataa kila jambo nililoambiwa nifuate bila sababu, na sasa mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa ananitaka nifanye hivyohivyo. Siku mbili sikuvuka ukuta. Siku ya tatu nilimsikia upande wa pili akijaribu mdundo kwa mkono wa kushoto peke yake. Ulikuwa unachechemea. Alipofika kwenye kimya, kilikaa sawa kabisa, kizima, hakuna kilichopungua. Nikafikiri: huyu mtu amepoteza mapigo yake, lakini hajapoteza hicho. Nikavuka.

Alinifundisha kunyamaza kama alivyonifundisha kupiga. Kwanza nitoe mikono juu ya ngozi kabisa, viganja vitazame mbingu, kwa sababu mkono uliobaki juu ya ngozi utaiba pigo. Kisha nivute pumzi, niishike, niiachie. Nisihesabu. Nikihesabu nitafika mapema. Vijana, kupiga kila mtu anajifunza; pigeni beseni mwezi mmoja mtapiga. Kukaa na mikono mitupu mbele ya watu bila kuogopa, hiyo ndiyo kazi. Jasho lilinitoka zaidi katika kile kimya kuliko katika mdundo wote.

Kisha ikaja Mugunga. Bwana harusi alikuwa wa familia ya wafugaji waliohamia karibu na barabara ya Sake. Muzee alikaa nyuma yangu kwenye kiti kidogo, bila ngoma, magoti yamekutana kama mgeni. Papa Hangi alipiga filimbi.

Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mikono juu. Pumzi. Nilisikia upepo kwenye migomba, nikasikia mtoto akipiga chafya. Tki, tki. Bibi harusi akapiga hatua. Na safu ya mabibi wazee, waliokaa kwenye mkeka chini ya ukuta, wakatoa sauti ndogo pamoja, "aaa", kama watu waliotua mzigo. Katika kila kimya walitoa ile sauti. Nilifika mwisho. Bibi harusi alifika kwa wakwe zake bila kurudi nyuma hata unyayo mmoja.

Hapo ndipo nyanyake bwana harusi alipoinuka. Alikuwa mwembamba, amejifunga shuka jeupe, na watu wakampa nafasi.

"Weye, musichana wa Banande."

"Karibu, nyogokuru," nilisema. Hivyo ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita bibi.

"Umepiga muzuri. Sasa niambie. Juu ya nini ngoma yako inanyamaza pale?"

Papa Hangi alishusha filimbi. Niligeuka kumtazama Muzee, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia vidole vya miguu yake, masikio yake yametulia kama ya mtu anayengoja hukumu.

Nilikuwa na majibu. Daftari langu lilikuwa na matatu. Ningeweza kusema tunanyamaza kwa heshima ya wazee waliokufa, nani angenipinga? Ningeweza kusema ni pumzi ya wachezaji. Lakini nilikuwa mtoto niliyewadharau mama, shangazi na masista kwa kunipa sababu ambazo hawakuzijua. Ningekuwaje wa nne?

"Sijui, nyogokuru," nilisema. "Najua tu kwamba nikijaza, batu banaanguka."

Kicheko kilianza kwa Kambale, kikaenda mpaka barabarani. Walikuwepo waliosikia habari ya Rumangabo, wakawaeleza waliokuwa hawajasikia. Bibi naye alicheka, meno mawili nje. Halafu akainua mkono.

"Huyu hajui, na anasema hajui. Ngoma iko salama kwake." Akamgeukia Papa Hangi. "Mumuache apige."

Kabla ya kukaa alimtazama Muzee Sebuhoro kwa muda, na kidole gumba chake cha kulia kikazunguka kidogo, kama cha Muzee. Muzee aliinua kichwa. Nilifikiri, ona, mabibi pia wana ugonjwa wa gumba.

Nilikaa kwenye ngoma kubwa tangu siku hiyo, na Muzee alikaa nyuma yangu katika kila harusi mpaka miguu ilipokataa kupanda kamyo. Mama alizoea. Shangazi alinyamaza nilipomzaa mtoto wa tatu.

Nikiwa mtu mzima nilipata nafasi ya kwenda chuo kikuu, na mnaweza kukisia memwari yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, ilihusu nini. Niliandika sura nzima juu ya kile kimya. Niliita "utupu wenye maana". Nilisema kwamba ni mpaka kati ya walio hai na waliotangulia. Profesa alifurahi, akanipa alama nzuri, akaniambia nimeona mbali. Mimi mwenyewe, niliyesema "sijui" mbele ya uwanja mzima nikiwa na miaka kumi na tisa, nilisoma vitabu mpaka nikapoteza lile neno. Nilimpelekea Muzee nakala. Alikuwa mzee sana. Aliipima uzito mkononi, akasema, "Iko na karatasi ya muzuri," akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Alipofariki, nilipanda Masisi kumpelekea dada yake mkubwa vitu vyake: randa, patasi mbili, koti. Dada alinilaza kwake. Asubuhi, nikiwa nanawa uso, nilisikia mdundo nyuma ya nyumba.

Ulikuwa wenyewe. Ulikuwa mdogo, wa maji, lakini wenyewe: unabembea, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliacha maji yakimwagika, nikakimbia nikidhani kuna mtu ana ngoma.

Dada yake alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, juu ya mapaja yake kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Alikuwa anakibembeza mbele na nyuma, na maziwa yalikuwa yanapiga ndani. Aliposikia kibuyu kimekaza, akasimamisha. Akazungusha kizibo kwa kidole gumba. Pssss. Akakirudisha, akagonga ubavu wa kibuyu kwa kidole, mara mbili, asikie siagi imefika wapi. Akaanza tena, na sauti ilikuwa nzito kidogo.

Nilikaa kwenye nyasi, uso bado una maji.

"Huyu ndugu yangu alikuwa anakaa pale kwa magoti ya mama," dada alisema bila kuacha kazi, "anapiga paja yake, piga, piga. Batoto benzake bakamucheka, mwanaume gani anapenda kibuyu, kazi ya banamuke. Akalia. Mama akamuambia, piga tu, mutoto yangu, lakini usiambie mutu umeitoa wapi."

"Na mkisahau kufungua?" niliuliza. "Mkiendelea tu?"

Alinitazama kwa mshangao, mimi, mwanamke mzima na shule yangu yote.

"Maziwa iko na hewa ndani," alisema. "Usipofungua, kibuyu inapasuka."